Jasho Lako Lina Sheria: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Dzaleka na Mtandire

Kila alfajiri watu hutoka mtaa wa Mtandire, kwa miguu au kwa kabaza, yaani baiskeli za abiria, kuelekea Area 47, Area 49 na mitaa mingine ya Lilongwe yenye mageti na bustani. Ni mafundi uashi, walinzi, wauza duka na wafanyakazi wa ndani. Saa hizohizo, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa jiji, watu wa kambi ya Dzaleka huwa wameshashika njia kutafuta ganyu, yaani vibarua, katika mashamba ya wilaya ya Dowa. Baadhi yao ni wazaliwa wa Malawi. Wengine walikimbia Kongo, Burundi au Rwanda, wakapita Tanzania na kuingia nchini kwa njia ya Karonga. Lugha zao ni mbalimbali lakini wasiwasi wao ni mmoja: kazi ikiisha, hela itatoka?

Wapo waajiri wanaoujua wasiwasi huo na kuutumia. Mkimbizi akidai chake huambiwa: "Utanishtaki wapi wewe?" Makala hii inajibu swali hilo. Pa kushtaki papo. Ila haki ya ujira husimama kwa mambo mawili, ushahidi na muda, na anayekosa mojawapo anaweza kushindwa hata katika shauri ambalo kila jirani anajua ukweli wake.

Kibali ni kitu kimoja, ujira ni kingine

Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, na anayefaidika ni mwajiri mbaya. Ruhusa ya mgeni kuishi na kufanya kazi nchini iko chini ya Idara ya Uhamiaji na sheria za wakimbizi. Ujira, saa za kazi, likizo na kufukuzwa viko chini ya sheria za kazi. Ofisi ni tofauti na maswali yake ni tofauti.

Tuanze na ruhusa. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, ikageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa ipokee watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti. Kuhusu kifungu cha 17, kinachohusu kazi ya kuajiriwa, ilisema haitampa mkimbizi haki kubwa kuliko mgeni mwingine yeyote, wala haitamwondolea moja kwa moja wajibu wa kutafuta kibali cha kazi. Kuhusu kifungu cha 26, kinachohusu uhuru wa kutembea, ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kukaa pale usalama au utulivu wa nchi unapodai hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya 1989 ndiyo inayoongoza utaratibu wa kumtambua mkimbizi.

Masharti hayo yana uzito katika maisha ya kila siku. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huohuo polisi na wanajeshi wakaanza kuwakamata Lilongwe. Maduka yalifungwa, familia zikalala mahabusu, watoto wakiwemo, kabla ya kupelekwa kambini. Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi nje ya kambi afuate hatua hizi:

- Hakikisha cheti chako cha mkimbizi au cha mwomba hifadhi hakijaisha muda. Kihuishe mapema.
- Pata ruhusa ya kutoka kambini kutoka kwa uongozi wa Dzaleka kabla ya safari, na uwe nayo mkononi.
- Ukipata mwajiri anayekutaka, mwombe aanze nawe maombi ya kibali cha ajira cha muda Idara ya Uhamiaji. Wenye taaluma zinazohitajika sana, kama udaktari, uuguzi na ualimu, huwa na nafasi nzuri zaidi. Weka tayari vyeti vya masomo na tafsiri zake.
- Anayetaka kufungua duka aulizie kibali cha biashara Uhamiaji na leseni ya halmashauri ya jiji au wilaya. Leseni ya halmashauri peke yake haimpi mgeni ruhusa ya kuishi mjini.
- Usinunue kibali kwa mtu wa kati. Lipa ofisini na udai risiti.

Sasa tuje kwenye ujira. Katiba ya Malawi, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini na kulipwa ujira wa haki. Haisemi kila raia, inasema kila mtu. Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2000 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, na utaifa umetajwa humo. Kwa hiyo mwajiri aliyekuita, akakupangia kazi na kupokea ulichofanya, hawezi kugeuka siku ya malipo na kusema huna haki kwa sababu ni Mkongomani au Mrundi.

Hata hivyo, kutokuwa na kibali kunampa mwajiri silaha ya kukutisha, na kunaweza kulifanya shauri lako kuwa gumu. Aliye katika hali hiyo asikate tamaa, wala asikurupuke. Apate kwanza ushauri wa sheria, kama tutakavyoona hapa chini.

Sheria inadai nini kwa mwajiri

Haya ndiyo mambo makuu ya Sheria ya Ajira ambayo kila mfanyakazi anapaswa kuyajua kwa moyo:

- Maelezo ya maandishi. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi karatasi yenye majina ya pande zote mbili, tarehe ya kuanza, aina ya kazi, kiwango cha mshahara na saa za kazi.
- Saa za kazi. Wiki ya kawaida haizidi saa 48, na katika kila siku 7 mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo.
- Saa za ziada. Siku ya kawaida, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu, hulipwa mara mbili.
- Likizo ya mwaka yenye malipo. Siku 18 za kazi kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, na 15 kwa anayefanya siku 5.
- Ugonjwa. Baada ya miezi 12 ya kazi mfululizo, mfanyakazi mwenye cheti cha daktari hupata hadi wiki 4 kwa mshahara kamili na wiki 8 kwa nusu mshahara kila mwaka.
- Uzazi. Mama ana haki ya angalau wiki 8 kwa mshahara kamili, mara moja katika miaka 3. Marekebisho ya 2021 yalimpa baba likizo ya wiki 2.
- Makato. Jumla ya makato isizidi nusu ya mshahara.
- Taarifa ya kuachishwa. Anayelipwa kwa mwezi hupewa taarifa ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi huo badala yake.

Kima cha chini cha mshahara hupangwa na waziri wa kazi, na hubadilika. Januari 2021 kilikuwa kwacha 50,000 kwa mwezi, na tangu hapo kimepandishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya ugumu wa maisha. Usitegemee cha kusikia mtaani. Uliza kiwango cha sasa kwa afisa kazi kila mwanzo wa mwaka.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme muuza duka analipwa kwacha 208,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 26, saa 8 kila siku. Hizo ni saa 208, kwa hiyo saa moja ni kwacha 1,000. Mwezi huo alibakizwa dukani saa 2 zaidi kwa siku 10, jumla saa 20. Saa 20 mara 1,500 ni kwacha 30,000. Kisha Jumapili moja, siku yake ya kupumzika, aliitwa kupokea mzigo kwa saa 6. Saa 6 mara 2,000 ni kwacha 12,000. Mwisho wa mwezi anastahili kwacha 250,000. Akipokea 208,000 amepunjwa 42,000, fedha ya kulisha nyumba siku kadhaa. Bila kuandika saa zake kila siku, hataweza kuzidai.

Ganyu: andika kabla ya kushika jembe

Ganyu ndiyo kazi ya wengi: kulima eneo lililopimwa, kuchimba msingi, kubeba matofali, kufua nguo za nyumba moja. Hakuna mkataba, na mara nyingi hakuna shahidi. Humo ndimo dhuluma inamojificha, maana bosi husema kazi haikuisha, au bei haikuwa hiyo. Dawa yake ni daftari dogo na simu.

Kabla ya kuanza, kubalianeni mambo manne: kazi yenyewe na kipimo chake, bei, siku ya malipo, na nani analeta vifaa. Kama mnakubaliana kulipana kwa mahindi, tajeni kilo, msitaje "gunia" tu. Piga picha ya shamba au ukuta kabla na baada. Omba ulipwe kwa simu, kupitia Airtel Money au Mpamba, inapowezekana, kwa sababu ujumbe wa malipo unabaki na tarehe na jina. Usiufute.

Katika daftari, ukurasa mmoja kwa kazi moja unatosha. Kwa mfano:

*Jumatatu, tarehe 3. Ukuta wa nyuma, mita 12, nyumba yenye geti la kijani, Area 47. Bei 80,000. Malipo Ijumaa. Saruji ya bosi. Nilikuwa na mwenzangu mmoja. Ijumaa, tarehe 7. Nimemaliza saa 9 alasiri. Nimepokea 30,000. Deni 50,000.*

Jioni hiyohiyo mtumie bosi ujumbe wa heshima, usio na matusi wala vitisho: "Bwana, habari za jioni. Ukuta wa nyuma nimemaliza leo Ijumaa. Tulikubaliana 80,000, nimepokea 30,000, imebaki 50,000. Naomba unithibitishie siku ya kumalizia. Asante." Kama Kiswahili hakimfikii, tafuta jirani wa Mtandire akuandikie kwa Kichewa. Bosi akijibu "nitakulipa wiki ijayo", amekiri deni kwa maandishi yake mwenyewe. Ushahidi wa namna hiyo una nguvu kuliko maneno ya watu wengi waliosimulia walichosikia.

Tumbaku, familia na watoto

Dowa ni nchi ya tumbaku, na tumbaku ina historia ya kazi isiyolipwa. Tangu ukoloni, enzi za *thangata*, wakulima walilazimishwa kufanya kazi kwa mabwana shamba kama kodi ya ardhi waliyoishi, na hasira juu ya mfumo huo ilichangia uasi wa John Chilembwe mwaka 1915. Baadaye ukaenea mfumo wa wapangaji wa mashamba: familia nzima inahamia shambani, inapewa chakula na pembejeo kwa mkopo, na hesabu inafanywa baada ya kuuza tumbaku. Wengi walimaliza msimu wakiwa na deni tu. Novemba 2019 Marekani ilizuia tumbaku ya Malawi kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa na ya watoto, na mwaka 2021 Bunge la Malawi lilirekebisha Sheria ya Ajira na kuufuta mfumo huo.

Kwa hiyo mtu akikuambia "njoo na mke na watoto, mtalipwa tukiuza", huo ni mpango uliokwisha kukatazwa. Dai mshahara wa mwezi au bei ya kazi inayojulikana.

Na mtoto asiguse tumbaku. Kazi za hatari ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18, na kazi za tumbaku zimo katika orodha hiyo. Nikotini hupenya kwenye ngozi kutoka majani mabichi yenye umande, ikaleta kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Mtoto wa miaka 12 anayeonekana mvivu shambani asubuhi huenda ameshapata sumu.

Ukifukuzwa au ukinyimwa chako

Mwajiri hawezi kukufukuza kwa kusema tu "kesho usije". Sheria inadai sababu halali inayohusu uwezo wako, mwenendo wako au mahitaji halisi ya shughuli. Tena inadai upewe nafasi ya kujitetea kabla ya uamuzi. Ujauzito si sababu halali, na kupeleka malalamiko kwa afisa kazi pia si sababu halali. Jambo hilo likikufika, fuata ngazi hizi:

1. Siku hiyohiyo, andika kilichotokea: saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Usisaini karatasi usiyoielewa. Ukilazimika, andika juu yake kwamba hukuelewa lugha.
2. Mwandikie mwajiri dai lako kwa kifupi na umpe siku za kujibu, tuseme 7.
3. Asipojibu, nenda ofisi ya kazi ya wilaya ulikofanyia kazi. Kwa kazi za mashambani karibu na Dzaleka ni ofisi ya Dowa Boma, na kwa kazi za mjini ni ofisi ya Lilongwe. Afisa kazi atamwita mwajiri na kujaribu kuwapatanisha.
4. Suala lisipomalizika ndani ya mwezi mmoja, linaweza kupelekwa Mahakama ya Mahusiano ya Kazi, ambayo husikiliza pia mashauri Lilongwe. Mahakama hiyo imeundwa iwe nyepesi kuliko mahakama za kawaida. Mwenyekiti hukaa na mjumbe wa upande wa waajiri na mjumbe wa upande wa wafanyakazi, na kwa kawaida anayeshindwa haamriwi kulipa gharama za mwenzake. Inaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia.

Shika jambo moja hapa: malalamiko ya kufukuzwa isivyo haki yanapaswa kupelekwa ndani ya miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa. Bosi anayesema "subiri, tutaongea mwezi ujao" mara tatu mfululizo, ama kwa kusudi ama kwa uzembe, anakula muda wako. Subira ni njema, lakini mpelekee afisa kazi malalamiko huku mazungumzo yakiendelea.

Kama huna kibali, au unaogopa lugha na ofisi, anzia Legal Aid Bureau, taasisi ya msaada wa sheria iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuwasaidia wasioweza kumlipa wakili. Ina ofisi Lilongwe. Walioko Dzaleka wanaweza pia kuanzia kwenye ofisi za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na za idara ya wakimbizi kambini. Nenda na daftari, simu yenye ujumbe, picha na jina la shahidi mmoja. Anayeumia kazini amjulishe mwajiri papo hapo, atibiwe mahali panapotoa karatasi, na amwarifu afisa kazi, kwa sababu sheria ya fidia kwa wafanyakazi inategemea taarifa hizo.

Wewe ukiwa ndiye mwajiri

Baadhi ya wasomaji wa makala hii ni wenye maduka, saluni na karakana waliowaajiri vijana wa Malawi. Nanyi sheria inawahusu. Ukimcheleweshea kijana wa Mtandire mshahara wake, huharibu jina lako peke yake. Unampa mwenye chuki sababu ya kusema wageni wananyonya, na zamu ya msako ikija, jirani uliyemdhulumu hatakusemea. Lipa kwa tarehe, weka kitabu cha mishahara chenye saini za waliolipwa, wape siku ya kupumzika, na usimshikie mtu kitambulisho chake kama dhamana. Ujirani mwema unaanzia kwenye bahasha ya mshahara.

Ukiitwa kazi ya nje

Safari ya kazi si mpya kwa Malawi. Babu za wengi walikwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia shirika la Wenela, hadi Banda aliposimamisha uajiri huo mwaka 1974 baada ya ndege iliyobeba wachimbaji kuanguka Francistown, Botswana. Leo mwito unakuja kwa WhatsApp na Facebook, na mara nyingi unaelekea nchi za Kiarabu za Ghuba.

Miaka ya karibuni wanawake zaidi ya 50 wa Malawi waliokolewa kutoka kazi za ndani Oman. Wapo walioahidiwa Dubai, wakashtukia wameshuka Muscat. Walisimulia kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi bila mapumziko na kunyanyaswa. Chini ya utaratibu wa kafala, mfanyakazi wa ndani amefungwa kwa mdhamini wake, na akiondoka bila ruhusa yeye ndiye anayehesabiwa mkosaji. Mwaka 2017 Human Rights Watch iliandika mambo kama hayo kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Dzaleka kwenyewe, Juni 2022 Umoja wa Mataifa na polisi wa Malawi walieleza jinsi wasafirishaji haramu walivyokuwa wakiwatumikisha watu kambini na kuwapeleka nchi nyingine za kusini mwa Afrika.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali:

- Dai mkataba katika lugha unayoisoma, wenye jina la mwajiri, mji, mshahara na saa, kabla ya tiketi.
- Kataa kulipia nafasi ya kazi. Kwa viwango vya Shirika la Kazi Duniani, gharama za kuajiri ni za mwajiri.
- Kataa kusafiri kwa viza ya utalii ukiwa unakwenda kufanya kazi.
- Uliza Wizara ya Kazi kama wakala anatambulika.
- Acha nakala ya pasipoti, mkataba na namba za wakala kwa ndugu, na kubalianeni neno la siri la kuomba msaada.
- Mkimbizi asikubali pasipoti ya kughushi. Ikigunduliwa, anayefungwa ni yeye, wakala ameshatoweka.

Ukimwona mtu anazuiwa kutoka, anatumikishwa kwa deni au ameshikiwa hati zake, toa taarifa polisi. Sheria ya Malawi ya 2015 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu inamlinda anayedhulumiwa, wa taifa lolote.

Anza wiki hii

Nunua daftari. Andika humo tarehe uliyoanza kazi unayoifanya sasa, mshahara mliokubaliana na deni lolote lililobaki. Hesabu saa zako za wiki iliyopita. Tazama cheti chako kinaisha lini. Kama uliachishwa, hesabu miezi tangu siku hiyo, na ikiwa haijafika 3, nenda kwa afisa kazi kabla wiki haijaisha. Kisha mfundishe jirani asiyejua kusoma, umwandikie na daftari lake. Mwajiri mbaya anategemea kila mtu anyamaze peke yake, na mtaa mzima ukiwa na daftari hatajua amdhulumu nani.